Mguu Ukishikwa Majini, Asisingiziwe Chunusi

Kuna neno ambalo watoto wengi wa kwetu hulijua kabla hawajajua kusoma, nalo ni chunusi. Chunusi ndiye akaaye kwenye lindi la maji chini ya mwamba, ndiye amshikaye mtu mguu na kumvuta chini, na ndiye alaumiwaye kila kijana anapotolewa mtoni hali amekwisha kufa. Mintarafu ya viumbe wasioonekana, ukurasa huu wa afya hauna la kusema. Mintarafu ya mguu tunalo, nalo tutalisema bila kumung'unya maneno. Mguu unaokaza ghafla majini, vidole vikajikunja vyenyewe na unyayo ukawa mgumu kama ubao, haujashikwa na yeyote. Umebanwa na misuli.

Wapenzi wa kandanda wanalijua jambo hili vizuri sana. Dakika ya themanini mchezaji anaanguka peke yake, hakuna aliyemgusa, anashika kigimbi huku amekunja uso. Mwenzake anakuja, hata akiwa wa timu pinzani, anauinua ule mguu, ananyoosha goti na kusukuma vidole kuelekea usoni mwa mgonjwa. Punde si punde mchezo unaendelea. Hatujasikia hata siku moja mtazamaji akisema kwamba uwanja wa Jamhuri una chunusi. Misuli ni ileile na maumivu ni yaleyale. Tofauti ni kwamba chini ya mchezaji kuna nyasi, na chini ya mwogeleaji hakuna kitu cha kukanyaga.

Siwacheki wazee waliotuhadithia habari za chunusi. Walikuwa na sababu yao: walitaka tuliogope lindi, na kweli lindi ni la kuogopwa. Ubaya unaanza pale kijana anapokazwa na msuli akiwa katikati ya maji huku kichwani ana hadithi hiyo. Anaamini ameshikwa, basi anapigana. Anarusha mateke kwa nguvu zake zote ili ajinasue, na kila teke linazidi kuukaza ule msuli. Pumzi inamwisha, anameza maji. Nao wenzake walio ukingoni, wanaposikia anapiga kelele "Nimeshikwa mguu!", badala ya kumrushia kitu cha kushika wanatimua mbio kwenda kijijini. Hapo dakika tatu au nne, ambazo ndizo zote alizo nazo, zimekwisha kupotea.

Tena kuna ubaya wa tatu, ambao kwangu ndio mkubwa. Tukishasema "chunusi", hakuna anayeuliza swali lingine. Hatuulizi nani alikuwa na wale watoto, kina kilikuwa kiasi gani, kama walikuwa wamekunywa, wala kama marehemu alijua kuogelea. Tunazika, tunarudi nyumbani, na mwaka unaofuata watoto wengine wanaenda kwenye lindi lilelile.

Hebu tuutazame mguu wenyewe. Kuanzia kifundo kwenda chini mna mifupa 26, na chini ya unyayo kuna tabaka nne za misuli midogo inayoviendesha vidole na kuushikilia upinde wa unyayo. Mtu anapotembea, misuli hiyo pamoja na kigimbi hukunjwa na kunyooshwa kwa zamu, hatua kwa hatua, kwa hiyo hupata mapumziko madogo madogo. Majini mambo ni tofauti. Mwogeleaji huelekeza vidole nyuma kama mkia wa samaki, na katika mkao huo kigimbi na misuli ya unyayo hubaki imefupishwa kwa muda mrefu, huku ikiendelea kutumikishwa. Msuli uliofupishwa na kuchoka ndio unaopenda kukaza. Ndiyo maana mtu awezaye kutembea kutwa nzima bila shida anaweza kubanwa na vidole baada ya robo saa tu ya kuogelea.

Mwaka 1997 daktari Martin Schwellnus wa Chuo Kikuu cha Cape Town pamoja na wenzake walitoa hoja ambayo hadi leo wataalamu wengi wa michezo wanaifuata. Walisema shida hii haiko hasa katika damu, bali katika mawasiliano kati ya neva na msuli uliochoka. Ni kama msuli una walinzi wawili. Mmoja kazi yake ni kuamuru "kaza". Mwingine, anayekaa kwenye kano inayouunganisha msuli na mfupa, kazi yake ni kuamuru "legeza". Msuli ukichoka, yule wa kwanza huzidisha makelele na yule wa pili hunyamaza. Unapounyoosha msuli, unaivuta ile kano na kumwamsha mlinzi wa pili. Ndiyo siri ya yule mchezaji anayesukumiwa vidole pale uwanjani, na ndiyo dawa ambayo kila mtoto aingiaye majini angepaswa kufundishwa.

Kabla ya hapo watu waliamini chumvi, na wengi wanaiamini hata leo. Imani hiyo ilitoka kwa wachimba makaa ya mawe wa Uingereza na wachochea moto wa meli za zamani, waliotoka jasho kupita kiasi na kunywa maji matupu. Walipotiliwa chumvi kidogo kwenye maji walipata nafuu. Kwa mkata miwa wa Kilombero au Mtibwa anayeshinda juani, neno hilo bado lina maana yake. Lakini kijana aliyekaa nusu saa kwenye maji ya baridi hajatoka jasho la kumaliza chumvi mwilini. Na ndizi je? Ndizi ni chakula chema, wala sitaki kugombana na mtu anayeiuza. Ila kama ndizi ingekuwa kinga ya kubanwa na misuli, watu wa Uluguru wasingekuwa hata na neno la kuuita ugonjwa huu.

Kuhusu kula pia kuna la kusema. Wengi tumelelewa tukiambiwa kwamba mtu akila asiingie majini mpaka saa nzima ipite, la sivyo misuli itamkamata na atazama. Hakuna ushahidi wa maana kwamba chakula cha kawaida kinaleta hatari hiyo. Shibe kubwa huleta uzito na kichefuchefu, basi. Kinachoua watu majini baada ya sherehe si ubwabwa, ni pombe. Aliyekunywa hajui amechoka, hasikii baridi, hapimi kina, na mguu ukikaza hana akili ya kutulia. Ajabu ni kwamba mzazi atamkataza mtoto kuoga kwa sababu ya sahani ya wali, naye mwenyewe akaingia mtoni na chupa mkononi.

Sasa tuje kwetu Morogoro, maana hapa jambo hili lina sura yake.

Mji wetu uko kwenye mita 500 hivi juu ya usawa wa bahari, na kilele cha Lupanga kinachoutazama mji kiko mita 2,138. Anayepanda hadi juu na kurudi amepanda mita zaidi ya 1,600 na kuteremka kiasi hichohicho. Kupanda kunachosha kifua, kuteremka kunachosha miguu. Mtu anapoteremka, mapaja na vigimbi hufanya kazi ya breki: msuli unavutwa na uzito wa mwili wakati wenyewe unakaza ili usiachie. Kazi ya namna hiyo huumiza nyuzi za msuli kuliko kupanda, na ndiyo sababu maumivu makali huja kesho yake na kesho kutwa. Vidole navyo hugonga mbele ya kiatu kwa saa nzima, kucha ya kidole gumba inageuka nyeusi. Hata wasiofika Lupanga, wakaishia Morningside kwenye lile jengo la zamani la Wajerumani, hurudi magoti yanatetemeka.

Halafu wanafanya nini? Wanaukuta Mto Morogoro au kijito kingine, kuna kidimbwi kizuri chini ya maporomoko, jua ni kali, na wote wanajitosa. Hapo tumekusanya kila kitu ambacho msuli haukipendi: uchovu, vigimbi vilivyokwisha kuumizwa na mteremko, na maji ya baridi kutoka milimani. Tena maji ya baridi yana tabia nyingine. Katika dakika ya kwanza humkatisha mtu pumzi, akavuta hewa kwa mshtuko bila kutaka. Kama kichwa kiko chini ya maji wakati huo, anachovuta ni maji.

Ushauri wangu kwa wenye safari za namna hii ni rahisi wala hauna gharama. Mkifika mtoni, kaeni. Vueni viatu, kunyweni maji, kuleni mlichobeba. Kila mmoja asimame akiegemea mti au mwamba, mguu mmoja mbele na mmoja nyuma, kisigino cha nyuma kikikanyaga chini, anyooshe kigimbi kwa muda wa kuhesabu polepole hadi thelathini, kisha abadili. Azungushe vifundo. Avute vidole vya miguu kwa mkono kuelekea juu. Nusu saa ikipita, aingie kwa miguu, taratibu, ajimwagie maji kifuani na usoni. Asipige mbizi ya kichwa. Vidimbwi vya Uluguru vina miamba usiyoiona, na shingo iliyovunjika haina zahanati ya kuitibu.

Na msuli ukikukamata ukiwa kwenye kina, fanya hivi. Acha kupiga miguu. Najua ni vigumu, kwa sababu mwili wote unataka kupigana, lakini acha. Vuta hewa ujaze kifua na ugeuke chali, masikio yako ndani ya maji, macho yakitazama juu. Kifua kilichojaa hewa kinaelea, miguu si lazima ifanye kazi yoyote. Mikono ipepee polepole kando ya nyonga. Ukiisha kutulia, shughulikia mguu. Kama ni vidole au unyayo uliokaza, kunja goti, shika vidole kwa mkono na uvivute kuelekea kwenye goti, huku kidole gumba cha mkono kikibonyeza katikati ya unyayo. Kama ni kigimbi, nyoosha goti na uvute vidole kuelekea kwako. Ukishindwa kuufikia mguu kwa mkono, inua vidole na kifundo juu kwa nguvu za mguu wenyewe. Misuli ya mbele ya muundi ikikaza, ile ya nyuma hupata amri ya kulegea. Vumilia nusu dakika hadi dakika nzima, usiachie mapema. Kisha rudi ukingoni ukiwa chali, kwa mikono peke yake. Kama uko kwenye bwawa la hoteli, shika ukuta, weka sehemu ya mbele ya unyayo ukutani na usukume kisigino chini.

Ukitoka, umetoka. Msuli uliokaza mara moja hurudia kwa urahisi siku hiyohiyo. Wapo watakaosema maji ukiyavulia nguo huna budi kuyaoga. Methali hiyo ni njema kwa habari za ndoa na ujenzi wa nyumba, lakini mtoni si kweli. Una budi. Vaa nguo, kaa juani, uchuliwe kidogo na mafuta ya kawaida. Mguu usichanjwe chale, kwa maana wembe hauwezi kufungua msuli, ila unaweza kuingiza pepopunda na maradhi mengine ya damu. Wala usimeze kwinini. Zamani kwinini ilitumika sana kwa miguu inayokaza usiku, lakini mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya mwaka 2006 na tena mwaka 2010 kwamba hatari zake kwa damu na moyo zinazidi faida. Kwinini ibaki kuwa dawa ya malaria, kwa amri ya mganga.

Wako pia wasomaji ambao hawaendi mtoni kabisa. Siku hizi watu wazima wa mjini, hasa wenye magoti mabovu au shinikizo la damu, wanaambiwa wafanye mazoezi, na baadhi wameanza kulipia kuogelea kwenye mabwawa ya hoteli. Ni mazoezi mazuri mno, kwa kuwa maji hubeba uzito wa mwili. Lakini mara nyingi wanalalamika jambo moja: "Baada ya mizunguko mitatu minne, vidole vinajikunja." Wengi wao wanavielekeza vidole nyuma kwa nguvu, kama mcheza sarakasi, wakidhani ndivyo inavyotakiwa. La hasha. Kifundo kinatakiwa kulegea, mguu utikisike kama kitambaa, na nguvu itoke kwenye paja. Anayepiga maji kwa kifundo atachoka kabla hajavuka bwawa. Kadhalika, ukijisukuma kutoka ukutani, tumia sehemu yote ya mbele ya unyayo, si ncha za vidole. Badili mitindo pia. Ule mtindo wa chura unakunja kifundo kwenda juu, kwa hiyo unaipa misuli ya unyayo nafasi ya kunyooka. Wanaovaa yale mapezi ya mpira miguuni waanze nayo kwa dakika chache, kwa sababu yanaongeza mzigo juu ya misuli ileile, na yakiwa madogo hubana vidole. Mwenye kuanza upya asiogelee nusu saa mfululizo siku ya kwanza eti kwa sababu amelipia.

Nyumbani, tandika taulo sakafuni, kaa kitini, uikusanye kwa vidole vya mguu bila kutumia mikono. Watoto watacheka, nao waambiwe wajaribu. Wiki chache za kazi hiyo, pamoja na kunyanyuka kwa ncha za miguu ukishika meza, zinaipa nguvu misuli midogo ambayo viatu vimeifanya ivivu.

Nimetaja viatu, na hapa niruhusiwe kuteta kidogo. Tunanunua viatu vya mitumba kwa kuvitazama badala ya kuvipima. Mtoto ananunuliwa kiatu cha Komunyo ya Kwanza kinachong'aa, kinambana, na anaambiwa "kitalegea". Kiatu hakilegei, ni mguu unaokubali. Vidole vinakunjamana mle ndani, misuli inazoea kukaa imefupishwa, na kucha inaingia nyamani. Ndugu zetu wa milimani waliokua wakitembea peku wana nyayo pana na vidole vilivyotawanyika, na mara nyingi ni miguu imara kuliko ya watoto wetu wa mjini. Sisemi watu watembee peku, maana funza na misumari havina huruma. Nasema kiatu kipimwe jioni, wakati mguu umevimba kidogo baada ya kazi, na pabaki nafasi ya upana wa kidole mbele.

Si kila maumivu ya mguu majini ni kubanwa na misuli, na hili wazazi walisikie vizuri. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi wanaozaliwa na selimundu. Kwa mtoto huyo, maji ya baridi yanaweza kuchochea maumivu makali ya mifupa. Basi mtoto anayelia miguu kila akitoka mtoni, maumivu yakadumu saa nyingi, akawa na macho ya njano au amewahi kuvimba vidole vya mikono na miguu akiwa mdogo, asifokewe kwamba anadeka. Apelekwe hospitali apimwe damu. Mtu mwenye kisukari ambaye nyayo zake zina ganzi asiingie mtoni peku kabisa, kwani jiwe litamkata naye hatasikia. Mguu mmoja ukivimba, ukawa wa moto na unauma kigimbini kwa siku kadhaa, huenda ni damu iliyoganda, na hiyo ni safari ya hospitali siku hiyohiyo wala si ya kuchuliwa. Mama mjamzito anayeamshwa usiku na kigimbi anyooshe vidole kwa namna ileile niliyoeleza, na amwambie muuguzi kliniki. Hata dawa za kupunguza maji mwilini, zile wanazopewa baadhi ya wenye shinikizo la damu, zinaweza kuleta hali hii. Asiziache kwa uamuzi wake, aulize.

Kuwasha ni habari nyingine. Miguu ikiwasha na kutoka vipele baada ya kukanyaga maji yaliyotuama yenye majani, fikiria kichocho. Konokono wake hawapendi maji yaendayo kasi, wanapenda mabwawa, mifereji ya mashamba na pembe za mto zilizotulia. Dawa yake, prazikwanteli, ipo. Fangasi wa katikati ya vidole wanazuiwa kwa kujikausha vizuri, basi.

Nirudi kwenye watoto, kwa kuwa ndio walionifanya nishike kalamu. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 ulimwenguni walikufa maji, wengi wao katika nchi zenye kipato kama chetu, na watoto wakiwa kundi kubwa. Umoja wa Mataifa mwaka huohuo ulitenga tarehe 25 Julai iwe siku ya kukumbusha jambo hili. Wengi wa hao wanaokufa hawakubanwa na misuli. Hawakujua kuelea, au maji yalikuwa mengi kuliko walivyodhani. Msuli peke yake hauui. Anayejua kugeuka chali ataumia, atapiga kelele, atatoka. Asiyejua hahitaji hata msuli.

Husemwa kwamba mfa maji hukamata maji, na wengine huongeza kuwa haachi kutapatapa. Ni kweli kwa aliyeshtuka bado ana pumzi. Lakini mtoto anayezama kweli mara nyingi hapigi kelele. Anasimama wima majini, kichwa kimeegemea nyuma, mdomo unachungulia juu ya maji na kurudi chini, mikono inabonyeza pembeni. Anaonekana kama anacheza. Wakubwa walioko hatua kumi wanaendelea na maongezi.

Kwa hiyo nasema wazi, hata kama nitawaudhi waandaaji wa matembezi ya vijana. Safari isiyo na mtu mzima anayejua kuogelea, asiyekunywa, na ambaye kazi yake siku hiyo ni kutazama maji tu, isiende mtoni. Iende uwanjani. Tukumbuke pia kalenda. Pasaka huangukia kati ya tarehe 22 Machi na 25 Aprili, na hiyo ni masika. Jumatatu ya Pasaka, siku tunayoipenda kwa matembezi, ndiyo siku ambayo mito ya Uluguru huwa imejaa, ina tope na ina kasi. Mvua ikinyesha juu mlimani, maji huku chini yanaweza kupanda ghafla wakati kwenu ni jua tupu. Mandari ya mtoni yafaa kungoja kiangazi, mvua zikikatika na maji yakionyesha mawe ya chini.

Muwe na kamba na dumu tupu la lita ishirini lililofungwa kifuniko. Dumu hilo linambeba mtu. Mwenzenu akipiga kelele kwamba ameshikwa mguu, mrushieni dumu lenye kamba, au mnyoosheeni fito mkiwa mmelala ukingoni. Msimrukie. Anayezama humkumbatia mwokozi wake, na tumeshazika ndugu wawili kwa siku moja kwa sababu hiyo. Akitolewa hapumui, alazwe chali mahali pagumu, apuliziwe pumzi mdomoni kwanza, kisha abonyezwe katikati ya kifua mara 30 kwa kila pumzi 2, bila kukoma, huku mwingine akitafuta gari. Asiwekwe kichwa chini miguu juu, asikandwe tumbo. Kufanya hivyo ni kupoteza muda wa kumpa hewa, na matapishi yanaweza kumwingia mapafuni.

Wapo wazazi watakaosema dawa ni kukataza tu. Wakataze, lakini Mto Morogoro unapita katikati ya mji, na mtoto wa darasa la nne anajua njia ya kwenda huko kuliko mama yake. Wengine wanasema kuogelea si jambo la heshima kwa msichana. Kule Nungwi, Unguja, mradi wa Panje umewafundisha wasichana kuelea na kuogelea wakiwa wamevaa mavazi yanayositiri mwili mzima, na jamii ile ya Kiislamu haikupoteza heshima yake. Sisi tunashindwa na nini?

Somo la kwanza ni la kuelea, wala halihitaji bwawa la kulipia. Panahitajika maji safi yaliyotulia, yanayomfika mtoto tumboni na mtu mzima mapajani, pasipo majani wala konokono. Katika desturi ya Waluguru mjomba ana sauti kubwa juu ya mtoto, na mara nyingi mjomba ndiye aliyejifunza kuogelea mtoni utotoni. Apewe kazi hiyo. Mkono wake mmoja uwe chini ya kisogo cha mtoto na mwingine chini ya mgongo. Mtoto ajaze kifua, atulize miguu, atazame juu. Siku ya pili mkono wa mgongoni uondolewe, siku nyingine ule wa kisogoni. Akiweza kukaa hivyo kwa kuhesabu hadi sitini, mjomba amwambie akunje vidole vyake vya mguu, ajifanye amebanwa, kisha avivute mwenyewe kuelekea gotini pasipo kuacha kuelea.